Medali za bima si skrapu, jamani msizipeleke kwenye mizani

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Jinja. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na mkiona ni ndefu mnisamehe, hii kitu imenikaa kifuani tangu Jumanne na nisipoitoa sasa sijui nitaitoa lini.

Jumanne nilienda Masese kwa wale jamaa wa skrapu, nilikuwa natafuta bawaba za geti, alafu kijana mmoja akaja na gunia akalimwaga hapo kando ya mizani, bomba za maji, waya za stima ambazo mpira wake umeshachomwa, vipande vya redieta, na katikati ya hizo takataka ikatoka kitu ya duara ikaviringika mpaka kwenye kiatu changu. Nikainama nikaiokota. Ilikuwa medali. Upana wake kama mdomo wa kikombe cha chai, nzito kuliko unavyotegemea, rangi kahawia iliyokolea kama buni iliyokaangwa vizuri, upande mmoja mikono miwili imeshikana na chini yake mwaka kampuni ilipoanza na mwaka ilipotimiza miaka mia, upande wa pili meli ya matanga na mawimbi ambayo ukipitisha kidole unayasikia moja moja. Medali ya kampuni ya bima. Nikamuuliza kijana ziko ngapi, akasema tafuta mwenyewe mzee, nikachakura nikapata kumi na moja, na tatu kati yake zilikuwa zimekatwa kwa patasi, patasi imepita katikati ya ile mikono, ati walitaka kuona kama ndani ni shaba kweli ama ni chuma kimepakwa rangi.

Kumbe zilitoka kwenye ofisi moja ambayo ilikuwa inahama, wakafagia stoo na kila chenye vumbi kikauzwa kwa kilo. Sitaitaja hiyo ofisi, nia yangu si kumwaibisha mtu. Nilinunua zote kwa bei ya kilo, hata zile tatu zilizokatwa, sikuweza kuziacha pale.

Najua mtu wa Uganda akisikia medali anafikiria mbio na ngumi. Anamkumbuka Kiplimo na shaba yake ya mita 10,000 kule Tokyo, ama wazee wanamkumbuka Leo Rwabwogo aliyeleta shaba ya ngumi kutoka Mexico mwaka 1968, na hiyo ni haki kabisa. Lakini kuna medali za aina nyingine ambazo hazivaliwi shingoni, hazina utepe, zinakaa mezani ama kwenye kiboksi chenye kitambaa, zimegongwa, yaani picha imebanwa kwenye shaba kwa mashine, ili jambo fulani lisisahaulike. Makampuni ya bima yamegonga hizo kwa miaka mingi sana, wakitimiza miaka hamsini, mia, mia mbili, wakifungua jengo, wakimuaga mkurugenzi, na wengi walizituma mpaka kwenye matawi yao ya mbali wakawapa wafanyakazi.

Ndo nilivyoingia mimi. Mimi ni mtoto wa barakisi, baba yangu alikuwa askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni, hapahapa Jinja, na Kiswahili hiki ninachoandika ni cha huko kambini, si cha shule. Alipotoka jeshini akapata kazi ya kulinda lango kwa kampuni moja ya bima Kampala, na siku kampuni ilipofanya sherehe ya umri wake kila mtu akapewa medali ya shaba, kuanzia manija mpaka mzee wa lango. Aliiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na hati zake za jeshi na risiti ya baiskeli. Mimi nikiwa na miaka kama kumi na mbili nikaitoa siku moja yeye hayupo, nikaona ni nyeusi chafu, nikataka kumfurahisha, nikachukua limau na majivu vile mama alivyokuwa anasugua sufuria, nikaisugua mpaka ikang'aa kama kitasa kipya cha mlango. Baba aliporudi aliishika kwenye mwanga muda mrefu sana bila kusema kitu. Hakunipiga. Ile rangi haikuwa uchafu, ilikuwa imewekwa kiwandani kwa makusudi, na chini ya rangi kulikuwa na uso wa mwanamke ameshika ngao ambao baada ya majivu yangu ukabaki hauna pua. Ninayo mpaka leo. Zote nilizokusanya baadaye, na sasa zinafika sitini na kitu, zimetoka kwenye hiyo moja.

Kwa hiyo naomba kwanza niseme hili kwa herufi kubwa kama ingewezekana, USISUGUE. Medali ya bronzi, na bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati kidogo, ikishagongwa inapewa rangi kwa dawa na joto, na miaka inaongeza yake juu, hiyo ngozi ndo inayoilinda na ndo mtu anayejua anaiangalia kwanza. Ukiing'arisha umeichuna. Shika kwenye ukingo, usiguse uso, maana jasho la kidole lina chumvi na baada ya miezi alama ya kidole inabaki hapo haitoki. Ukiona kijani kigumu kilichoshikana usiogope, lakini ukiona unga wa kijani cha mwanga unaopukutika ukiugusa, hiyo ni ugonjwa wa bronzi, itenge na nyingine na uiweke pakavu kabisa. Sisi wa kando ya ziwa tuna shida ya unyevu, mimi natumia vile vipakiti vyenye chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, natia viwili kwenye kila boksi. Na msiziweke kwenye vile vibahasha vya plastiki laini inayonuka, hiyo plastiki inatoa kitu kinachokula shaba, karatasi kavu ni bora.

Sasa mtu ataniuliza, na kijana wa Masese aliniuliza, mzee hii ina faida gani. Faida yake ni kwamba inasoma. Historia yote ya bima imo kwenye hizo picha ukijua kuziangalia.

Bima ni kitu cha zamani, mkataba wa zamani zaidi unaojulikana ni wa Genoa kule Italia mwaka 1347, wa safari ya meli. Bima ya moto ndo ilikuja baada ya London kuungua Septemba 1666, moto ulianzia kwa mwokaji mikate mtaa wa Pudding Lane ukala nyumba kama 13,200 na makanisa 87, na kufikia miaka ya 1680 bwana mmoja Nicholas Barbon akaanza kuuza bima ya nyumba. Hamburg kule Ujerumani wao walishakuwa na mfuko wa moto wa mji tangu 1676. Wakati huo nyumba za London hazikuwa na namba na watu wengi hawajui kusoma, kwa hiyo kampuni iliyoandikisha nyumba inapigilia ukutani kibao cha madini ya risasi chenye alama yake, Sun Fire Office ya 1710 jua lenye uso wa mtu na namba ya bima chini yake, Hand in Hand ya 1696 mikono imeshikana, Phoenix ya 1782 yule ndege anayefufuka kutoka kwenye majivu yake. Baadaye nyumba zikapata namba, vibao vikaacha kupigiliwa, lakini alama zikahamia kwenye karatasi za bima, kwenye milango ya maofisi, na kwenye medali. Ndo maana mikono niliyoiokota Masese ilinishtua, ni salamu ya miaka zaidi ya mia tatu ile, na mtu ameipiga patasi.

Nilikuwa Kampala siku chache baada ya soko la Owino kuungua Februari 2009, niliona akina mama wanachakura majivu wakitafuta mizani zao. Tangu siku hiyo nikiangalia yule ndege wa Phoenix simwoni tena kama pambo.

Upande wa bahari ndo mtamu zaidi kwangu. Kuna bwana Edward Lloyd alikuwa na duka la kahawa London miaka ya 1680, mabaharia na wenye meli wanakaa hapo wanakunywa kahawa na kupeana habari, na watu wenye pesa wakaanza kuandika majina yao chini ya karatasi kukubali hasara ya meli, kila mmoja kipande chake. Mpaka leo Lloyd's inabeba jina la mwenye kahawa. Na kwao kuna kengele, ya bronzi pia, ilitoka kwenye meli Lutine iliyozama pwani ya Uholanzi usiku wa tarehe 9 Oktoba 1799 ikiwa na shehena ya dhahabu na fedha. Tarehe 9 Oktoba, Bwana Mhariri, siku yetu ya uhuru, mimi kila mwaka bendera ikipanda nakumbuka na hiyo meli. Watu wa Lloyd's walilipa hasara, na kengele ikavuliwa baharini mwaka 1858, ikawa inagongwa mara moja kwa meli iliyopotea na mara mbili kwa meli iliyochelewa na sasa imeonekana.

Hao hao mwaka 1836 wakaanzisha medali yao ya kuokoa maisha baharini. Mchongaji alikuwa William Wyon, fundi mkubwa kabisa wa sarafu za Uingereza wakati huo, na zile za kwanza zilikuwa kubwa, milimita 73. Picha yake imetoka kwenye hadithi za Wagiriki, shujaa Ulysses yuko kwenye mabaki ya chombo chake bahari imechafuka, na Leucothea, mungu wa kike wa bahari, anatokea majini anamnyooshea mtandio wake ajiokoe nao. Ilitolewa hata ya shaba. Hiyo ya kweli sina, zinapatikana kwa shida na bei yake si ya mtu kama mimi, lakini nina picha yake imebandikwa juu ya meza na nimeangalia ule mkono unaonyoosha kitambaa mpaka naujua kwa moyo. Fikiria watu wa pesa, kazi yao ni kuhesabu hasara, wakakaa wakakubaliana kwamba mvuvi aliyeruka majini kumwokoa baharia asiyemjua lazima apewe kitu kizuri cha kushika mkononi. Sisi tuna ziwa hapa mlangoni. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu, na MV Kabalega yetu ikaenda chini Mei 2005 baada ya kugongana na MV Kaawa. Wavuvi wetu wanaokota watu majini kila mwaka, na mimi naona hao wanastahili shaba kuliko mtu mwingine yeyote.

Alafu kuna Wafaransa. Makampuni ya bima ya Paris ya karne ya 19 yalikuwa yanagonga vidude vidogo vya fedha na vingine vya shaba, vingi vina pembe nane, mkurugenzi akihudhuria kikao anapewa kimoja. Ni sitingi alawansi hiyohiyo tunayoisikia bungeni kila siku, ila ya kwao ilikuwa na picha nzuri. Nina mbili za shaba, nimezinunua mtandaoni. Na kwa medali za Paris kuna siri nzuri ambayo kila mwenye hobi hii lazima ajue, usiangalie uso peke yake, igeuze uangalie ukingo. Kiwanda cha serikali cha Paris kinagonga alama ndogo pale, ndogo kama punje ya wimbi, mkono unaonyoosha kidole ni kati ya 1845 na 1860, nyuki ni 1860 mpaka 1880, na kuanzia 1880 ni pembe iliyojaa matunda, na kando yake neno CUIVRE yaani shaba ama BRONZE. Mtu anaweza kukuuzia medali ina mwaka 1850 usoni lakini ukingoni kuna pembe ya matunda, hapo unajua chapa, yaani kile chuma chenye picha kinachogongea, ni ya zamani lakini medali imegongwa tena baadaye. Mimi nililipia moja hivyo hivyo mwanzoni kabla sijajifunza. Nunua lenzi kabla hujanunua medali.

Na sisi je. Hapa ndo moyo wangu unauma. Kampuni ya bima ya Jubilee ilianza Mombasa mwaka 1937, serikali yetu ikaunda National Insurance Corporation mwaka 1964, miaka miwili tu baada ya uhuru, ili pesa za bima zibaki nyumbani. 1972 ikaja vita ya uchumi ya Idi Amin, Waasia wakapewa siku 90 waondoke, na wengi waliokuwa wanaendesha maduka na maofisi ya bima walikuwa wao, wakaondoka na walichoweza kubeba. Aprili 1979 Amin alipoangushwa Kampala ikaporwa, baba aliniambia mafaili yalikuwa yanapepea barabarani, watu wanafungia karanga kwenye fomu za bima. Sheria ya thadi pati ikaja 1989, stika ambayo kila dereva wa boda na taksi anaijua, 1996 ikapatikana sheria iliyoleta kamisheni ya kusimamia bima, ambayo leo ni IRA, mamlaka ya kusimamia bima. Sasa niambie mtoto wa leo akitaka kujua bima ya Uganda ya miaka ya hamsini na sitini ilikuwaje, akashike nini? Karatasi zimefungia karanga. Shaba ndo inabaki, shaba haichaniki, hailiwi na mchwa, moto wa nyumba mara nyingi hauiyeyushi, na ina mwaka na jina na picha. Nane nilizookoa Masese, pamoja na tatu zilizokatwa, ndo ushahidi wa sherehe ambayo labda hakuna karatasi yake tena.

Na inauma zaidi kwa sababu sisi Jinja ni mji wa shaba. Wazee wanakumbuka mabehewa yanatoka Kasese na shaba ya Kilembe inakuja kuyeyushwa hapa kwa sababu ya umeme wa bwawa la Owen Falls, kazi ilianza 1956. Bati nalo lilichimbwa Mwirasandu kule Ankole. Shaba na bati, hiyo ni bronzi, vyote vimo kwenye ardhi yetu. Na mafundi wa Katwe na Kisenyi kule Kampala wanamimina sufuria na vipuri kwenye mchanga kila siku, na medali ya kumiminwa inatengenezwa hivyohivyo, unachonga sura, unaibana kwenye mchanga laini, unamimina, unasafisha kwa tupa taratibu. Ile ya kugongwa ndo inataka mashine ya kubana na chapa ya chuma kigumu. Kwa hiyo makampuni yetu yakitimiza miaka badala ya kugawa tu fulana na kalenda ambazo mwakani ni matambara, yangemwita mchongaji wa Makerere na fundi wa Katwe yakatengeneza kitu. Hata mia moja tu zinatosha.

Ombi langu ni kwa watu watatu. Maofisi ya bima, kabla hamjahama na kabla hamjafagia stoo, piteni kwanza mle ndani na mtu mzima anayejua kusoma kilichoandikwa kwenye shaba, na kama hamtaki kuhifadhi basi pelekeni Uganda Museum pale Kira Road, ile nyumba imekuwepo kwenye kilima cha Kitante tangu 1954 na watu wake wanajua kutunza vitu, hamtatozwa kitu kwa kuuliza. Familia ambazo babu ama baba alifanya kazi bima, fungueni yale makopo ya biskuti. Mkikuta duara la kahawia lina mikono ama jua ama ndege ama meli, piga picha pande zote mbili na ukingo, andika nyuma ya karatasi nani alipewa na alikuwa anafanya kazi gani, hata kama alikuwa mlinzi wa lango, hasa kama alikuwa mlinzi wa lango, maana ya manija ilishaandikwa. Alafu irudishe kwenye kopo bila kuisugua.

Wa tatu ni hawa vijana wa skrapu, ambao siwalaumu hata kidogo, wao wanatafuta chakula cha watoto na hakuna aliyewaambia. Yule wa Masese nilikaa naye nusu saa nikamwonyesha ukingo na lenzi, nikamwambia kitu chochote cha duara chenye uso wa mtu ama maandishi anipigie kabla hajakipima, nitampa mara mbili ya bei ya kilo. Ameshanipigia mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza ilikuwa mfuniko wa mita ya maji, nikamlipa hivyohivyo ili asikate tamaa. Ya pili alinipigia jana jioni, sijaiona bado, anasema ni ndogo, nyeusi, ina ndege amefungua mabawa juu ya moto. Nimemwambia aifunge kwenye karatasi, asiiweke karibu na patasi, kesho asubuhi niko huko.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtoto wa barakisi,
Walukuba, Jinja